Magamba kwenye okidi za shangazi: shajara ya mradi, Unguja

Mwisho wa Mei, masika yanakatika

Lengo nimeliandika mapema ili nisije nikalibadilisha njiani: okidi zote zilizo uani kwa shangazi, vyungu 40 hivi pamoja na vipande vilivyofungwa kwenye muembe, zifike vuli bila kitoto kimoja cha wadudu magamba (wadudu wadogo wanaojibandika kwenye mmea na kuunyonya wakiwa chini ya gamba) kunasa kwenye utepe kwa mwezi mzima. (Utepe nitaueleza nikiufikia.) Sikuandika "kuwamaliza wadudu wote", maana hakuna awezaye kulithibitisha hilo. Utepe mtupu, huo unathibitika.

Nyingi ni Dendrobium, zile ngumu zinazostahimili joto la pwani. Zipo Vanda kwenye vikapu vya mbao, mizizi inaning'inia hewani, na Phalaenopsis chache kwenye kivuli kizito karibu na birika la maji. Cattleya ni nne, zote za zamani, zimejaa vyungu hadi zinamwagika pembeni. Halafu kuna okidi chui, Ansellia africana, ya kwetu hasa pwani hii ya Afrika Mashariki, maua ya njano yenye madoa ya hudhurungi. Hii ilianguka pamoja na tawi la mti uliokatwa, shangazi akaiokota. Siku hizi kuing'oa porini na kuivusha mpaka ni kujitafutia kesi: okidi zote duniani zimo kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini), biashara yake ya kimataifa inataka vibali.

Shangazi haamini kama kuna tatizo. "Mwanangu, hilo vumbi tu la masika."

"Shangazi, vumbi haliliwi na wadudu chungu."

Akanyamaza, akaenda kuangalia mwenyewe. Jioni akaniruhusu kuhamisha vyungu.

Mwanzo wa Juni

Kabla ya dawa yoyote, kujua ni nani. Watu wengi hufika dukani wakisema "mmea una wadudu", wakarudi na chupa isiyowafaa. Magamba ni makundi mawili yenye tabia tofauti, na kwenye uani huu yote mawili yapo.

Kundi la kwanza ni magamba laini. Nimewakuta kwenye Dendrobium na kwenye okidi chui, wamejipanga kando ya mshipa wa katikati wa jani, upande wa chini. Wengine ni bapa, rangi ya hudhurungi iliyofifia: huyu ni Coccus hesperidum, yupo karibu kila pembe ya dunia yenye joto. Wengine wamebenuka nusu duara, wanang'aa, rangi ya kahawa: Saissetia coffeae, ambaye hata jina lake linatokana na mibuni. Jike wa aina zote mbili huzaa bila dume. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mmoja akibaki nyuma ya jani anatosha kuanzisha ukoo mzima. Hawa hunyonya utomvu mwingi kuliko wanavyouhitaji, na sukari inayozidi huitoa nyuma. Majani yananata, ukungu mweusi unaota juu ya utamu huo, na chungu wanakuja.

Kundi la pili ni magamba magumu. Hawa wako kwenye Cattleya. Jike ni duara dogo bapa, milimita 1 hadi 2, rangi ya maziwa yaliyochujuka. Madume hukaa kwa vikundi na kujifunika nyuzi nyeupe, ukitazama kwa mbali ni nazi iliyokunwa imemwagika kwenye mashina. Diaspis boisduvalii, alielezwa na mtaalamu wa wadudu Signoret mwaka 1869, na ndiye adui mkuu wa Cattleya duniani. Huyu hatoi utamu, kwa hiyo chungu hawamjali na jani halinati. Unamgundua kwa madoa ya njano yanayojitokeza upande wa juu wa jani, na mara nyingi umeshachelewa. Anapenda minazi na migomba pia, na uani huu umezungukwa na vyote viwili.

Namna ya kuwatofautisha kwa ukucha: gamba gumu linabanduka kama kifuniko, mdudu mwenyewe anabaki kwenye jani, kidoa laini cha njano. Gamba laini haliachani na mwili. Ukikwangua linatoka lote pamoja na majimaji.

Nimegawa vyungu. Vyenye ugonjwa vimekwenda upande wa kaskazini wa uani, vizima vimebaki kusini. Sababu ni upepo. Kitoto cha gamba kikitoka chini ya mama yake hutembea kutafuta pa kukaa, ni kidogo mno hata hukioni bila lenzi, na upepo unaweza kukibeba hadi mmea mwingine. Sasa ni majira ya kusi, upepo unatoka kusini. Ikifika kaskazi, Desemba, mpangilio wote ugeuzwe.

Juni, wiki iliyofuata: majimoto

Hili limenichukua muda kuliko nilivyopanga, na nimeamua lipewe nafasi yake.

Wanaokwenda kwenye Dendrobium si chungu wadogo weusi peke yao. Wapo pia chungu majimoto, wamejenga viota vya majani kwenye muembe, wanashuka kwa tawi lililogusa wavu wa kivuli. Nimekaa nikawatazama. Wanamgusa gamba kwa vipapasio vyao, anatoa tone, wanalinywa, wanaendelea kwa mwingine. Mbawakawa mdogo mweusi anayekula magamba akitua, wanamfukuza. Sisi tungenyunyiza dawa asubuhi, wao wangelinda mifugo yao mchana kutwa.

Jambo hili lina historia hapa hapa kisiwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, aliwachunguza majimoto wa Unguja na gamba la mikarafuu linaloitwa Saissetia zanzibarensis, akachapisha matokeo mwaka 1954. Alionesha jinsi majimoto wanavyoyahudumia magamba hayo na jinsi yanavyostawi chini ya ulinzi wao. Lakini kunguni wa minazi anayeangusha nazi changa, ambaye sasa anaitwa Pseudotheraptus wayi kwa jina la mtu huyo huyo, huwakimbia majimoto. Mnazi wenye majimoto ndio unaobaki na nazi zake.

Kwa hiyo jirani aliponiletea chupa ya sumu akasema nivichome viota vyote, nilimshukuru na nikakataa. Minazi mitatu ya shangazi inawahitaji majimoto kuliko okidi zinavyohitaji waondoke kisiwani. Ninachotaka ni wasifike kwenye meza za okidi tu.

Nilichofanya: tawi lililogusa wavu limekatwa. Kamba zote za kuanikia zilizounganisha muembe na nguzo za kibanda zimehamishwa. Kila mguu wa meza umesimama ndani ya mkebe wa maziwa wenye maji na tone la mafuta ya kupikia juu, ujanja ule ule wa kabati za chakula za bibi zetu. Maji yanabadilishwa kila baada ya siku chache, vinginevyo tutafuga mbu na kujikuta na mradi mwingine. Vikapu vya Vanda vinaning'inia, kwa hiyo nyaya zake nimezipaka grisi sehemu ya juu, sehemu isiyogusa mmea.

Bila kunyunyiza chochote, Dendrobium zimeanza kutembelewa na mbawakawa weusi. Nimewaona wawili kwenye jani moja.

Katikati ya Juni: kusugua

Kazi ya mikono, na sijaona njia ya kuikwepa. Dawa yoyote ya kugusa inaishia juu ya gamba. Ukiliondoa gamba kwanza, hata maji ya sabuni yanafanya kazi.

Vifaa: spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, vijiti vya pamba, miswaki laini ya watoto, nyembe, kiberiti, ndoo ya maji ya sabuni. Spiriti kali zaidi naipunguza kwa maji; ile ya asilimia 90 na kitu inakauka kabla haijapenya, na inaweza kuunguza machipukizi machanga. Kazi inafanyika kivulini, alfajiri au baada ya alasiri, kamwe si jua la saa saba.

Dendrobium ni rahisi. Kijiti cha pamba kilicholowa spiriti, unapita chini ya jani kutoka shinani kwenda ncha, wanatoka kwa mkupuo. Vanda vilevile, isipokuwa kwapa za majani zinataka mswaki. Phalaenopsis zinataka tahadhari moja: maji yasibaki katikati pale majani yanapokutana, yanaozesha. Nakausha kwa karatasi ya chooni.

Cattleya ni habari nyingine. Yale mashina yaliyovimba, yanayotunza maji, yamevikwa ngozi kavu nyembamba, na ndani ya ngozi hiyo ndimo ukoo unamokaa. Ukiinyunyizia kwa nje ni sawa na kuosha mlango wakati mwizi yuko chumbani. Nimechana ngozi zote kwa mkono kutoka juu kwenda chini, taratibu, kwa sababu kwenye kitako cha shina kuna macho ya machipukizi ya mwakani na hayo yakikatika umekosa maua. Chini ya ngozi, shina zima lilikuwa jeupe. Nikasugua kwa mswaki na spiriti, nikasuuza, nikasugua tena pale shina linapokutana na mzizi. Kisha nikaitoa Cattleya yote kwenye chungu: makumbi yameoza, na magamba yamo hadi kwenye mizizi na ukingoni mwa chungu kwa ndani. Makumbi yote yamechomwa. Chungu cha udongo kimelowekwa kwenye maji ya dawa ya kuondoa madoa, kikaoshwa, kikaanikwa juani.

Jambo moja ambalo sitaki lipotee katikati ya maelezo ya mswaki. Okidi zina virusi, wanaojulikana zaidi ni wa mozeki ya Cymbidium na wa madoa ya pete ya Odontoglossum, na hao husafiri kwa majimaji ya mmea yaliyobaki kwenye makali ya kisu. Hawana tiba. Kwa hiyo wembe mmoja kwa mmea mmoja, kisha unatupwa. Mkasi unapitishwa motoni hadi uwe mwekundu. Na mswaki uliosugua Cattleya ya kwanza hauigusi ya pili. Bei ya nyembe ni rahisi kuliko ya Cattleya.

Shangazi alikuja akasimama mlangoni, akanusa. "Nyumba inanuka hospitali."

"Ni uani tu, shangazi, upepo utaichukua."

"Na mswaki wa mjukuu wangu huo?"

Nikamhakikishia kuwa ni mpya, wa dukani.

Mwanzo wa Julai: mafuta ya mwarobaini

Kipupwe kimekaa vizuri, asubuhi kuna ubaridi. Nilikuwa nausubiri wakati huu kwa sababu mafuta na joto kali haviendani. Mafuta humziba mdudu matundu ya kupumulia, lakini jani nalo linapumua. Ukinyunyiza hewa ikiwa imefika nyuzi 30, au jua likilipiga jani kabla halijakauka, utaunguza mmea uliokuja kuuokoa. Kiangazi cha Januari nisingethubutu.

Kipimo changu: maji ya uvuguvugu lita 1, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nusu kijiko cha chai, koroga, kisha mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa kijiko 1 cha chai. Sabuni inatangulia kwa sababu ndiyo inayoyashika mafuta yachanganyike na maji. Unatikisa chupa kila mara, unatumia siku hiyo hiyo. Ya jana imwagwe. Jani moja linajaribiwa kwanza na kuachwa siku mbili. Maua hayaguswi. Halafu chini ya jani, chini ya jani, chini ya jani. Juu ni ziada.

Kinarudiwa kila wiki. Hapa ndipo wengi huchoka. Mayai yako chini ya gamba la mama na hayadhuriki; kwa Diaspis yanaanguliwa ndani ya wiki moja hivi, na jike anachukua siku 50 hivi kukomaa. Ukinyunyiza mara moja ukaridhika, umewaua waliokuwa wazi siku hiyo, ndugu zao wanatoka keshokutwa.

Ushauri niliopewa mtaani wiki hii, na majibu yangu. Mafuta ya taa: hapana, yanaunguza majani na mizizi. Majivu: hayana ubaya, hayana faida. Maji ya pilipili na kitunguu saumu: yanawasumbua wadudu laini walio wazi, gamba gumu halitambui kama umepita.

Muuza pembejeo alinipa jina la sumu inayonyonywa na mmea, imidaklopridi, akasema inamaliza kila kitu. Kwa magamba laini amesema kweli, kwa sababu hao hunyonya utomvu kutoka kwenye mishipa, na sumu imo humo. Kwa Diaspis si kweli sana. Magamba magumu hayanyonyi kwenye mishipa, yanatoboa chembe za kawaida za jani na kula yaliyomo, na huko sumu hii haifiki kwa kiasi cha kutosha. Ningelipa fedha, ningehatarisha nyuki wanaokuja kwenye maua ya muembe ule, na adui wangu mkuu angebaki anakula. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku nje ya vibanda vya kioo mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki hao. Sikuinunua. Mwenye Dendrobium 1,000 za biashara pengine ataamua vingine, na sitamlaumu.

Mwisho wa Julai: utepe

Ahadi ya mwanzo. Selotepu yenye gundi pande zote mbili, naizungusha shinani karibu na mahali palipokuwa na wadudu wengi. Vitoto vikitembea vinanasa. Baada ya wiki naitoa, naibandika kwenye karatasi nyeupe, naitazama kwa lenzi. Vitoto ni vidoa vya njano au rangi ya chungwa, vina miguu sita.

Dendrobium: wachache. Vanda: hakuna. Okidi chui: wachache, wote upande ulio karibu na ukuta, ambako nilikuwa siufikishi mkono. Nimeigeuza. Cattleya: wengi mno kwenye mbili, kiasi kwenye ya tatu, na ya nne, ya kona, utepe umekuwa wa njano.

Agosti

Watu wa nyumbani wananiuliza mbona magamba bado yako pale pale kwenye majani ya Dendrobium. Yapo, ndiyo, lakini yamekufa. Gamba halianguki mdudu akifa. Linaweza kukaa miezi mpaka ulifute au mvua iliondoe. Nakwangua kwa ukucha: yaliyokufa ni makavu, yanapeperuka unga. Aliye hai ana majimaji. Nimewafuta wote hata hivyo, si kwa sababu ya afya ya mmea bali kwa sababu jani lenye maganda ya zamani linaficha vitoto vipya na linanichanganya wakati wa ukaguzi.

Fundi seremala aliyekuja kutengeneza meza alicheka nilipomweleza. Nikamwambia shelaki anayopakia makabati ya kale ya Mji Mkongwe inatokana na ndugu yao, gamba la India linaloitwa Kerria lacca. Hakuniamini hadi nikamwonesha picha. Tangu siku hiyo ananiuliza kama hawa wa Cattleya nao wanatoa kitu. Hawatoi.

Cattleya ya kona nimeigawa. Mashina ya nyuma, yasiyo na majani na yaliyojaa madoa, yamekatwa na kuchomwa. Limebaki kipande chenye mashina manne na chipukizi moja. Shangazi alitaka tuhifadhi kila kipande, "kitachipua tu". Huenda kingechipua, lakini pamoja na wageni wake. Tulivutana kidogo, mwishowe alichukua yeye mwenyewe vipande akavitia motoni, akisema asionekane mtu mwingine ameua ua lake.

Makumbi mapya yamelowekwa na kusuuzwa mara kadhaa ili kuondoa rangi na chumvi, yamechanganywa na mkaa. Chungu kina matundu ubavuni.

Septemba

Binamu amekuja kutoka Dar es Salaam na zawadi ya Phalaenopsis mbili zenye maua meupe, nzuri kweli. Zimepelekwa moja kwa moja chumba cha nyuma, mbali na uani, utepe kwenye mashina yote mawili, kwa wiki sita. Binamu alishangaa kidogo kuona zawadi inawekwa kizuizini. Chini ya jani la moja nimekuta Coccus watatu.

Nimeendelea kunyunyiza Cattleya kila wiki. Zilizobaki nazikagua tu, sizigusi, mbawakawa wafanye kazi yao. Mafuta yangewaua na wao.

Oktoba, mawingu ya vuli

Dendrobium, Vanda, Phalaenopsis za zamani na okidi chui zimemaliza mwezi mzima na utepe mtupu. Zimerudi mahali pake pa kawaida. Mikebe ya maji itabaki chini ya meza, na tawi la muembe litakatwa tena kabla halijafika wavuni. Linakua haraka mvua zikianza.

Cattleya mbili zimetoka salama, moja ina ala ya ua (kifuko ambamo ua hutokea). Ya tatu ilionesha kitoto kimoja wiki ya pili, kisha hakuna. Ya kona imetoa mizizi mipya ya kijani, na juzi utepe wake ulinasa vitoto vitatu. Nimeisugua upya, nimebadilisha utepe. Shangazi anaitaka barazani kabla wageni wa harusi hawajafika. Nimemwambia achukue ile yenye ala ya ua. Hii inaanza kuhesabiwa mwezi wake upya leo.